Ngoma ya Burundi nayo inahitaji cheti cha asili

Mfanyabiashara anayevuka Kobero kuingia Kabanga, upande wa Tanzania, analijua swali hili kabla hajaulizwa: mzigo umetoka wapi? Mchele, maharage, sabuni au mafuta ya mawese, kila kitu lazima kiwe na kwao. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimtengenezea mfanyabiashara mdogo cheti rahisi cha uasilia. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya, husamehewa ushuru wa forodha. Karatasi hiyo moja ndiyo inayotenganisha faida na hasara ya mama aliyetoka Buyenzi na magunia manne.

Mwaka 2022 swali hilo la asili liliulizwa mbali sana na mpaka wowote wa Afrika, mbele ya picha ya kuchorwa ndani ya jumba la makumbusho la National Gallery jijini London. Majibu yaliyotolewa kule yanaihusu Bujumbura kuliko inavyodhaniwa.

Mchoraji wa picha hiyo ni Edgar Degas, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1834 na kufa mwaka 1917. Alikuwa mmoja wa kundi la wachoraji walioitwa Waimpreshonisti, waliofanya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1874. Maisha yake karibu yote aliwachora watu wa jukwaani, hasa wacheza dansi wa kike. Macho yake yalipoanza kudhoofika alizidi kutumia pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu vinavyoshikwa mkononi kama chaki. Karibu na mwaka 1899 alitengeneza michoro kadhaa ya wanawake waliovaa mavazi ya asili ya Ulaya Mashariki: sketi pana, buti miguuni, maua na utepe kichwani. Katika ule wa London wanawake watatu wamebanana, wameinama, miguu inapiga chini kwa pamoja. Mtu akiutazama anakaribia kusikia kishindo.

Kwa zaidi ya miaka 100 mchoro huo uliitwa "Wacheza dansi wa Kirusi". Kwa watu wa Paris wa wakati ule, mtu yeyote aliyetoka ndani ya dola ya Urusi alikuwa Mrusi, basi. Lakini mavazi yale ni ya Ukraine, na utepe ulio vichwani ni wa bluu na njano, rangi za bendera ya Ukraine ya leo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Waukraine waliishinikiza National Gallery, na Aprili mwaka huo jina likabadilishwa kuwa "Wacheza dansi wa Kiukraine". Mwaka uliofuata jumba la Metropolitan la New York nalo likabadilisha jina la mchoro wake kutoka mfululizo huohuo.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: jina lina thamani gani kwenye karatasi ya kuchorea? Jibu liko sokoni. Novemba 2008 mchoro mwingine wa Degas wa mcheza dansi, nao wa pasteli, uliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 37. Jina la Degas ndilo lililouza. Majina ya wanawake waliocheza mbele yake hayamo kwenye kibao cha picha. Aliyechora anajulikana duniani kote, waliochorwa wakabaki na mavazi tu, na hata mavazi hayo yakapewa nchi isiyo yao kwa zaidi ya karne moja.

Sasa turudi Burundi, kwa watu wengine wanaovaa mavazi ya jukwaani na kupiga chini kwa pamoja.

Hakuna picha ya Burundi iliyosafiri kuliko ile ya wapiga ngoma waliovaa nguo nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera ya taifa, wakiwa wamebeba ngoma vichwani huku mikono ikiendelea kupiga. Iko kwenye kalenda, kwenye kadi za posta, kwenye matangazo ya utalii na kwenye simu za wageni. Lakini ngoma hiyo ilianza kuwa kitu kizito zamani sana kabla ya kamera. Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma na maana ya utawala. Karyenda ilikuwa ngoma ya ufalme. Bendera ya Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 ilikuwa na ngoma katikati, ikaondolewa baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966. Kwenye kilima cha Gishora, karibu na Gitega, panapohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo, ngoma zimetunzwa na koo za wapigaji waitwao abatimbo, baba akimrithisha mwana.

Utaratibu wake ni wa kazi, kama utaratibu wa kiwanda. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika. Ibishikizo hufuata kile ambacho inkiranya imeamuru. Kila ngoma huchongwa kutoka kipande kimoja cha gogo la mti uitwao umuvugangoma, jina lenye maana ya mti unaoifanya ngoma iseme. Juu hutandazwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kuna fundi wa mti, fundi wa ngozi, mshonaji wa mavazi na mpigaji. Huo ni mnyororo mzima wa watu wanaoishi kwa jasho.

Je, mnyororo huo umelipwa nini? Mwaka 1967 Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma nchini Burundi, na sauti hizo zikatolewa kwenye sahani ya santuri ya lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa aliyejiita Mike Steiphenson alizichukua, akaweka juu yake gitaa na kinanda, akatoa wimbo ulioitwa "Burundi Black" ambao uliingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji kutoka Kanada, alijenga wimbo wake "The Jungle Line" juu ya ngoma za Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow zikiwemo, zilipata umaarufu kwa mtindo ambao magazeti ya huko yaliuita mdundo wa Burundi. Wasikilizaji walinunua santuri kwa maelfu. Jina la nchi lilikuwa midomoni mwao, na jina la mpigaji wa kilimani halikuwamo.

Hapa Burundi imepatwa na kilichowapata wale wanawake wa Degas, kwa namna nyingine kidogo. Wao walinyang'anywa jina la kwao. Wapiga ngoma waliachiwa jina la kwao, lakini jina hilo likawa kama chapa iliyogongwa kwenye gunia la mtu mwingine: asili imeandikwa, na malipo hayajulikani yalikokwenda.

Burundi haikukaa kimya. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza dansi ya ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Bujumbura ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Ila msomaji aelewe mpaka wa heshima hiyo. Orodha ya UNESCO ni sifa, na sifa haina mamlaka ya kumzuia mtu wa Brussels au wa Nairobi kutumia mdundo, mavazi au picha. Haiamuru mtu yeyote kulipa mrabaha.

Kisha ikaja Oktoba 2017. Amri ya Rais Pierre Nkurunziza iliagiza vikundi vya ngoma visajiliwe wizarani na vipate kibali kabla ya kupiga nje ya shughuli rasmi. Aliyetaka kuvialika kwenye shughuli yake alitakiwa kulipa faranga 500,000 za Burundi katika hazina ya serikali. Amri hiyo pia iliwakataza wanawake kupiga ngoma. Wao waliachiwa kucheza na kuimba.

Nia ya amri ile ina watetezi wenye hoja. Ngoma iliyokuwa ikisikika kwenye mambo ya ufalme ilikuwa imeanza kupigwa kwenye kila harusi na kila uzinduzi wa duka, mara nyingine na vijana ambao hawajawahi kufika Gishora. Mali isiyolindwa huchakachuliwa, na wafanyabiashara wa asali na wa kahawa wanalijua hilo. Serikali inayosema ngoma isitembezwe ovyo haijakosea kuona tatizo.

Imekosea dawa. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi mpakani anajua kinachotokea ushuru unapozidi uwezo wa mzigo: mzigo hauachi kupita, unabadilisha njia. Mwenye harusi asiyeweza kulipa faranga 500,000 atachukua spika na kucheza mdundo uliorekodiwa, au atawaalika vijana usiku, kimya kimya, kwa malipo ya chini ya meza. Katika hali zote mbili hazina haipati kitu, na fundi wa mti, wa ngozi na wa nguo hapati kitu. Hata pale ada inapolipwa, inakwenda hazina. Kuingia hazina si kufika mfukoni mwa aliyepiga. Ulinzi wa namna hiyo humlinda nani?

Na hilo la wanawake linastahili kusemwa bila kuzungukazunguka. Sehemu za ngoma ya Burundi zina majina yaliyotoka kwenye mwili na maisha ya mama. Kuna amabere, yaani maziwa ya mama. Kuna umukondo, yaani kitovu. Kuna urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Ngoma yenyewe ni mama. Mila ilimpa mwanamume kazi ya kuipiga, na mila ina haki ya kuheshimiwa pale Gishora, katika ibada yake na mahali pake. Lakini jukwaa la biashara mjini si ibada. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, katika nchi ambayo nayo mila ilimnyima mwanamke fimbo za ngoma. Kundi hilo limealikwa kupiga nje ya Afrika. Mteja anayetaka kuona wanawake wakipiga ngoma anajua pa kwenda, na fedha zake zinakwenda naye. Binti wa Bujumbura mwenye kipaji hichohicho anaambiwa akae pembeni apige makofi.

Lakini lawama zote zisitupwe Burundi. Jumuiya yenyewe ina pengo ambalo halizungumzwi. Mkataba ulioanzisha Jumuiya, katika kifungu cha 119, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo. Tamasha la JAMAFEST lilifanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019, na wasanii walishangiliwa. Ila Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika mwaka 2010, nchi wanachama zilikubali kufungua kwanza sekta saba za huduma: biashara na taaluma, mawasiliano, usambazaji, elimu, fedha, utalii, na uchukuzi. Sanaa na burudani hazimo katika saba hizo.

Maana yake kwa lugha ya mpakani ni hii. Ngoma ikiwa imefungwa kwenye turubai, kama kifaa cha mti na ngozi, ni bidhaa. Ina asili, na inaweza kuombewa cheti. Mpigaji anayekaa kando ya turubai hilo, akiwa na mkataba wa kupiga kwenye tamasha Kigoma au Mwanza, anauza huduma ambayo soko la pamoja halikuipa sekta yake. Gogo limetambuliwa, na mikono inayoliongelesha haijatambuliwa. Anavuka kama mgeni anayekwenda kutembea, na akidhulumiwa malipo yake huko aendako anashtaki kama nani?

Afrika Mashariki imeshawahi kuonja uchungu wa kuchelewa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao isajiliwe jina "kikoy" kama alama yake ya biashara, wakati kikoi ni nguo ya pwani ambayo kila mtoto wa Lamu na Mombasa ameizaliwa nayo. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi likaachwa mwaka 2008. Kikoi kilipona kwa sababu watu waligutuka mapema. Waukraine walingoja zaidi ya miaka 100, na jina likarudi wakati wa vita. Hakuna sababu ya Warundi kusubiri msiba ili waheshimiwe.

Kuna mambo manne yanayoweza kufanyika bila kungoja mkutano wa wakuu wa nchi.

La kwanza, ada ya ngoma ipimwe kwa ukubwa wa shughuli, kama mizigo inavyopimwa. Harusi ya Kamenge na tamasha la kampuni ya simu haviwezi kulipa sawa. Na sehemu ya ada hiyo, iliyoandikwa wazi kwenye risiti, irudi kwa kikundi kilichopiga na kwa walinzi wa Gishora.

La pili, usajili wa vikundi uliokusudiwa mwaka 2017 ugeuzwe kutoka pingu kuwa cheti. Kikundi kilichosajiliwa kipewe waraka unaoonyesha kinatoka kilima gani na majina ya wapigaji wake, na waraka huo uambatane na kila mkataba, kila video na kila sauti inayorekodiwa. Kibali kitolewe kwa wanaume na kwa wanawake, na ibada ya Gishora iachwe na utaratibu wake.

La tatu, nchi wanachama ziingize sanaa za jukwaani katika sekta zinazofunguliwa. Mpiga ngoma wa Gitega, mwimba taarabu wa Zanzibar na mpiga gitaa wa Uvira wote wana haki ya kuvuka wakiwa wafanyakazi wenye kazi inayotajwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022 ikiwa na wanamuziki wanaosikilizwa Afrika nzima. Soko la pamoja lisilo na nafasi yao limeacha nje moja ya bidhaa zinazopendwa kuliko zote katika ukanda huu.

La nne linamhusu mfanyabiashara mwenyewe. Anayeuza ngoma ndogo kwa watalii, anayeuza vitenge vyenye picha ya wapigaji, anayechapisha kalenda, naye ni sehemu ya mnyororo. Kikaratasi kinachofungwa kwenye ngoma, chenye jina la fundi, kilima chake na aina ya mti, kinagharimu faranga chache na kinaongeza bei. Mnunuzi wa ugenini hulipa zaidi kwa kitu chenye kwao. Na anayekata umuvugangoma apande mwingine, maana gogo hilo likiisha hakuna cheti kitakacholirudisha.

Atatokea wa kusema haya ni mambo ya anasa, kwamba mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa Januari 2024 na watu wanahangaika na mafuta ya gari na faranga inayoshuka. Ni kweli wanahangaika. Lakini ni katika nyakati kama hizo ndipo nchi inapohitaji kuhesabu upya kila mali inayoweza kuuzwa nje bila kusubiri meli. Kahawa na chai ya Burundi zina washindani duniani kote. Ngoma ya Gishora haina mshindani. Ni mali ambayo wateja wake walijitokeza wenyewe tangu 1971, wakanunua, na muuzaji hakuwepo kaunta.

Wale wanawake watatu wa London bado wanapiga buti zao chini ndani ya fremu, na sasa kibao kinasema walivaa mavazi ya nchi gani. Majina yao binafsi hayajarudi. Wapiga ngoma wa Burundi wako hai, wana majina, na wengine wao jioni hii wako Bujumbura wanakaza ngozi kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi. Kwao bado hakujachelewa. Siku moja mmoja wao atafika Kobero na ngoma yake kichwani, ataulizwa mzigo umetoka wapi, naye atoe cheti: ngoma ni ya Gishora, na mpigaji ni yeye.